Bundi Niliyemng'arisha

Sarafu hushikwa ukingoni, wanangu. Kidole gumba upande huu, cha shahada upande ule, na chini uwe umetandika kitambaa, maana hata mkono wa fundi huteleza. Nikiona mnavyozishika simu zenu, kiganja kizima na mafuta ya chipsi juu yake, namshukuru Mungu nilistaafu kabla hamjafika umri wa kuajiriwa.

Mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu. Najua wengi wenu mtasoma Kiswahili hiki halafu mnijibu kwa Kiingereza, kama mnavyonifanyia kila Idi, lakini nitaandika hivyohivyo. Kazi yenyewe ilikuwa sarafu za Wagiriki wa kale, zile za madini ya fedha zilizogongwa kwa nyundo kabla Nabii Isa hajazaliwa. Niliianza hapa Toronto miaka ya tisini, katika duka la chumba kimoja na nusu juu ya fundi viatu, kwa mzee aliyeitwa Bwana Manoli.

Bwana Manoli alikuwa Mgiriki wa kisiwani, mfupi, nyusi nene, sweta lilelile kiangazi na baridi. Kila sarafu aliyoitoa kwenye bahasha aliisalimu kwa Kigiriki kabla ya kuigeuza. Mwanzoni nilidhani ana wazimu. Baada ya miezi sita nilikuwa nazisalimu mimi pia, kwa Kiswahili, na hakuna aliyenicheka.

Hakuniajiri kwa vyeti, maana sikuwa navyo. Nilikuwa nafagia jengo lile. Siku moja nafagia chini ya meza yake, yeye yuko kwenye simu, na juu ya kitambaa pana sarafu tatu. Mimi ni binti wa sonara. Baba yangu alifua fedha Lamu maisha yake yote, na nimelelewa na sauti ya fedha kuliko sauti ya redio. Mkono haukusubiri ruhusa. Niliziweka moja moja kwenye ncha ya kidole, nikazigonga taratibu kwa kalamu. Mbili ziliimba. Ya katikati ilikohoa. Alipoweka simu chini nikamwambia kwamba hii ngozi yake ni fedha, lakini ndani mna kitu kingine. Akaipima, akaichungulia ukingoni kwa lenzi, akakuta shaba inachungulia. Mlaghai fulani wa zama hizo alikuwa ameivika shaba kanzu ya fedha. Wiki iliyofuata nilikuwa na kiti changu, na sijui hadi leo kama alinipenda au aliogopa nitakwenda kumwambia mwenye duka la jirani.

Nilimfurahisha siku hiyo, nikamtia kichaa siku nyingine. Nilimsimulia kwamba baba alikuwa akinunua reale za zamani, zile sarafu kubwa zenye kichwa cha malkia, anaziyeyusha kwenye kikombe cha udongo na kufua mitali na vikuku vya maharusi. Bwana Manoli akaweka mkono kifuani. Akauliza ngapi. Nikasema sijui, labda mia, labda mia tatu. Akaenda kusimama dirishani, na nikamwacha huko na huzuni yake nikaendelea kuandika bahasha.

Hapo ndipo mtaelewa kosa langu, kwa sababu halikutoka kwenye uvivu. Lilitoka kwenye adabu. Sonara wa kwetu hamrudishii mtu fedha nyeusi. Mwanamke akileta kikuku kitiwe kibano tu, kazi ya dakika tano, atarudishiwa kimesuguliwa kwa ndimu na majivu hadi kimeremete. Ukikirudisha cheusi umemwambia kwamba hukumjali. Baba aliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa jambo hilo, akamrudisha kesho yake kwa sababu mama yake alikuja kulia mlangoni, lakini alimfukuza.

Sasa niwaambie kilichokuwa kwenye mizani wakati huo, msije mkadhani nilitetemeka kwa ajili ya sarafu tu. Nilikuwa nimemwacha binti yangu Zuhura Lamu kwa dada yangu Mwanaesha. Nilimwacha ana miaka sita, na sasa alikuwa anakaribia tisa. Karatasi zake za kuja zilikuwa kwa mwanasheria, na mwanasheria alisema kinachokosekana ni barua ya mwajiri, yenye kueleza kwamba nina kazi ya kudumu na mimi ni mtu wa kutegemewa. Bwana Manoli aliahidi kuiandika akirudi kutoka safari ya New York. Jumapili ile kabla hajaondoka nilimpigia dada simu, tukaongea ya afya na ya mvua.

"Salma," akasema, "mwanao ameanza kuniita mimi mama. Simkatazi, hana kosa. Lakini nakwambia ujue."

Nilirudi kitandani kwangu huko St. James Town, ghorofa ya kumi na nne, nikajifunika hadi kichwani. Sijawahi kusikia maneno yaliyosemwa kwa upole kiasi kile yakaniumiza kiasi kile.

Bwana Manoli akasafiri Jumanne. Akaniachia kazi moja: sarafu ya Athene, ya drakma nne kwa hesabu ya Wagiriki wa kale, uso mmoja kichwa cha mungu wao wa kike amevaa kofia ya chuma, uso wa pili bundi. Ndiyo, bundi. Dada yangu aliposikia kwamba naajiriwa kushika mabundi alinisomea dua palepale kwenye simu, kwa bei ya dakika za siku zile. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huulizana nani mgonjwa. Kwa Waathene alikuwa ndege wa hekima, wakamchapa kwenye fedha yao, na dunia nzima ya wakati huo ikampokea sokoni bila kuuliza. Nilimpenda bundi yule. Ana macho makubwa na miguu mifupi, anakutazama kana kwamba umechelewa kazini.

Sarafu hiyo haikuwa ya duka. Ilikuwa ya Bi Eleni, mjane wa Kigiriki aliyekuwa akiishi karibu na mtaa wa Danforth, naye aliileta tumuuzie kwa sababu anahamia kwa mwanawe na mwanawe kamwambia apunguze vitu. Daktari mmoja wa Montreal alikuwa anaisubiri. Kazi yangu ilikuwa kuiandalia picha. Siku hizo hatukupiga picha sarafu yenyewe, maana fedha humeta na kuitatiza kamera. Tuliigandamiza kwenye udongo laini, tukamimina plasta kwenye alama yake, na plasta ikikauka ndiyo tuliyoipiga picha. Nyinyi mnapiga tu kwa simu, mnaongeza mwanga kwa kidole. Sawa. Lakini hamjui raha ya kubandua plasta na kumkuta bundi mweupe anakutazama.

Jumatano nikaitoa kwenye bahasha. Nyeusi. Nyeusi ya kijivujivu, yenye ubuluu kidogo pembeni. Nikamwonea huruma mjane wa watu. Nikasema moyoni, huyu mama ameleta kitu chake, na sisi tumeshindwa hata kukisugua. Nikashuka duka la vyakula mtaani nikanunua limau, nikachanganya na magadi ya kuokea, nikasugua kwa kidole gumba huku naimba. Dakika kumi hazikufika. Bundi akang'aa. Nilijisikia binti wa baba yangu kweli.

Alasiri nikakaa kwenye taipureta kunakili maelezo ya orodha kutoka kadi ya Bwana Manoli. Alikuwa na mwandiko mbaya, ilibidi kusoma herufi moja moja. Uzito, gramu kumi na saba na kitu. Sura imelika kiasi. Halafu mstari wa mwisho: rangi nzuri ya kale, haijawahi kusafishwa.

Nilisoma mstari ule mara nne. Kisha nikafungua orodha za zamani zilizokuwa rafuni, nikaona ni neno gani wanalolisifia, ukurasa baada ya ukurasa: rangi, rangi, rangi. Weusi ule ambao kwetu ni aibu, kwao ndio uliokuwa ushahidi kwamba sarafu imelala karne zake kwa amani. Daktari wa Montreal alikuwa ananunua weusi, na mimi nilikuwa nimeumwaga kwenye sinki. Hakuna aliyekuwa amenikataza. Kwa Bwana Manoli lilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba halihitaji kusemwa, kama mnavyoona nyinyi si lazima kumwambia mtu asifue Kurani kwa sabuni.

Sikulia. Nilianza kufikiri, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kila binti wa sonara anajua adui wa fedha ni yai. Weka kijiko cha fedha kwenye yai la kuchemsha, kesho hutakitambua. Na Bwana Manoli mwenyewe alishanionyesha jinsi walaghai wanavyotumia hila hiyo kuzeesha sarafu. Basi Alhamisi adhuhuri nikachemsha yai kwenye birika la chai la dukani. Nikalikata, nikakiweka kiini chake kikiwa moto kwenye mkebe wa biskuti pamoja na sarafu, nikafunika. Baada ya robo saa bundi alikuwa wa manjano. Nusu saa, kahawia. Nikamgeuza, nikamfunika tena. Saa nane alikuwa mweusi mwenye ubuluu pembeni, na Mungu anisamehe, alikuwa mzuri kuliko mwanzo.

Jioni nikamsimulia Mama Furaha, Mkongo tuliyeshiriki naye chumba, mwanamke wa kanisa asiyeniacha nilale bila kuniombea kwa sauti. Nilimsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Alikuwa anachambua kisamvu, sombe kama wanavyokiita kwao, akaacha.

"Dada, hii sasa ni wizi," akasema. "Ambia patron wako ukweli. Akikufukuza, tutakula hii sombe pamoja, na mtoto wako atafika tu, hata kama atachelewa."

Nikamwambia yeye hana mtoto anayemwita mtu mwingine mama. Lilikuwa neno la ovyo, na nilimwomba radhi kesho yake. Alikuwa na wawili waliozikwa Bukavu.

Ijumaa Bwana Manoli akarudi na boksi la keki za ufuta na hadithi za New York. Akamtoa bundi, akamsalimu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nilijishughulisha na bahasha ambazo zilishaandikwa. Akasema amependeza zaidi ya alivyomkumbuka. Akavuta simu ampigie daktari, na huku anatafuta namba akasema, bila hata kunitazama, kwamba barua yangu ataiandika saa hiyohiyo akimaliza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ningependa kuwaambia kwamba niliukumbuka msemo huo. Sikukumbuka msemo wowote. Nilimwona tu anavyozungusha namba kwa furaha, mzee wa watu, na nikajua kwamba nikikaa kimya barua ile itamsifu mtu ambaye hayupo.

"Usimpigie," nikasema. "Hiyo rangi ni ya yai."

Akaweka simu chini polepole.

"Lini?"

"Jana."

"Na kabla ya yai?"

"Kabla ya yai niliisugua kwa limau. Jumatano. Nilidhani namfanyia mwenyewe heshima."

Akakaa. Nyusi zake zilishuka hadi nikashindwa kuyaona macho. Nikamweleza yote, desturi ya baba, kadi, mkebe wa biskuti. Akaniuliza kama ninajua kwamba ningenyamaza asingegundua. Nikasema najua. Akasema na barua ningeipata. Nikasema hilo pia najua.

Hakunifukuza, wala hakunisamehe. Alisema tu niondoe hiyo rangi ya yai, kwa sababu kwa mjane hatapeleka uongo, na kwamba Jumatatu nitakwenda naye na nitasema mimi mwenyewe. Neno la barua hakulitaja. Jumamosi na Jumapili sikumpigia dada simu, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii. Ningemwambia nini?

Jumatatu tukapanda treni, tukavuka bonde la Don. Bi Eleni alitukaribisha sebuleni kwake katikati ya maboksi ya kuhama, mwanamke mwembamba mwenye gauni jeusi, akatupa kahawa na vijiko vya jamu ya cheri. Bwana Manoli akanitazama. Nikaweka kikombe chini, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba niliisafisha sarafu yake, kisha nikaizeesha kwa hila, kisha nikaisafisha tena, kwamba sasa haitauzwa kwa bei aliyoahidiwa, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Nikamwekea juu ya kitambaa cha meza.

Aliichukua kwa kiganja kizima. Bwana Manoli alishtuka nikamwona, lakini akajizuia. Bi Eleni akaiingiza ndani ya ngumi, akaisugua kwa kidole gumba, palepale kwenye shavu la yule mungu wa kike palipolika.

"Mume wangu Taki aliibeba mfukoni miaka thelathini," akasema. "Pamoja na funguo. Akiwaza jambo alikuwa anaisugua hivi. Alipokufa, miaka minane iliyopita, niliitia ndani ya soksi yake ya sufu, nikaifunga droo. Nilipoitoa nikakuta imekuwa nyeusi, nikasema basi, hata hii imekufa."

Akaifungua ngumi atuonyeshe.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa. Sijaiona hivi tangu tumzike. Siuzi tena."

Bwana Manoli alikuwa amefumba macho. Sufu, wanangu, huifanya fedha kuwa nyeusi karibu kama yai, na hilo analijua kila anayehifadhi fedha. Yeye mwenye miaka arobaini kwenye kazi hii alikuwa ameangalia miaka minane ya soksi akaandika rangi nzuri ya kale, haijawahi kusafishwa. Alimwambia mama yule ukweli huo palepale, kwa Kigiriki na kisha kwa Kiingereza ili nami nisikie, na akaomba radhi kwa kosa lake kama nilivyoomba kwa langu. Bi Eleni akatuongezea jamu.

Msinielewe vibaya. Msisafishe sarafu. Nimewaona watu wakifuta karne ishirini na tano kwa dawa ya meno, wakaniletea kitu kinachong'aa kama kifuniko cha sufuria na kuniuliza thamani yake. Bi Eleni alikuwa mmoja, na sikupata mwingine katika miaka yote iliyofuata. Msizitie pia kwenye plastiki laini, inatoa jasho la kijani. Bahasha ya karatasi inatosha.

Tulipotoka, Bwana Manoli hakuelekea stesheni. Aliingia mkahawa wa kwanza pale Danforth, akaagiza kahawa nyingine juu ya ile tuliyokunywa, akatoa karatasi ya duka iliyokunjwa mara nne mfukoni. Aliandika pale mezani kwa mwandiko wake mbaya, akakata, akaandika tena. Akanisogezea. Nilisoma kwamba nimefanya naye kazi mwaka na miezi kadhaa, kwamba kazi ni ya kudumu. Halafu nikasoma hivi: "Aliharibu sarafu moja, akaja kuniambia kabla sijajua, wiki ambayo kuniambia kungemgharimu mtoto wake. Ningependa wafanyakazi wangu wote wawe hivi, lakini ninaye mmoja tu."

Nikamwomba aondoe habari ya sarafu. Nilimsihi. Nani anapeleka serikalini barua inayotaja kosa lake? Akasema ofisa anayesoma barua mia kwa siku, zote za malaika, ataiamini hii. Tukabishana hadi kahawa ikapoa. Hakubadilisha hata nukta. Mwanasheria naye alikunja uso, akauliza kama sina nyingine, nikasema sina, akaibana na karatasi zilizobaki.

Aliyeisoma simjui. Ninachojua ni kwamba majira ya kuchipua yaliyofuata nilisimama uwanja wa ndege na Mama Furaha kulia kwangu na Bwana Manoli kushoto, na sweta lake. Zuhura akatoka ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege, mrefu, amekuwa miguu tu kama sungura, meno ya mbele yameota ambayo sikuyaona yakiota. Nilimkimbilia. Yeye alinipa mkono. Akasema shikamoo, kwa heshima zote alizofundishwa na dada yangu, kama anavyomwambia mgeni wa nyumbani. Nikasema marahaba, nikambebea begi lake hadi St. James Town.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni nakaanga mandazi. Nikasikia sauti kutoka dirishani inaita, "Mama." Sikuitika. Nilijua anamwita dada yangu, anamtafuta, amesahau yuko wapi, na nilitaka kumpa muda akumbuke bila kumwonea haya. Nikageuza mandazi. Akaita tena, nikanyamaza tena. Kisha akaja mwenyewe hadi mlangoni na gauni la kulalia, mikono kiunoni.

"Mama," akasema, "wewe nakuita tangu zamani. Husikii?"